Tundu la USB-C: pini 6 au pini 24?

Ubishi huu hauishi kwa mafundi wa Ngamiani, Tanga: ukiunda taa ya kuchaji au redio, ufunge tundu la pini 6 au lile kamili la pini 24? Kwa mbele ni mapacha. Geuza upande wa miguu ndipo utayatofautisha.

La pini 6 hupitisha umeme tu. Bei yake ndogo, na miguu imeachana, hata mkono unaotetemeka unachomelea. Kasoro hutokea kwa fundi anayesahau rezista mbili za kiloomu 5.1, moja kwa kila mguu wa CC, ule unaotambua waya uliochomekwa. Hapo waya wa A kwa C (kichwa kipana cha USB cha zamani upande mmoja, USB-C upande wa pili) utachaji vizuri, ila wa C kwa C utakaa kimya, na mteja atarudi: "Fundi, hii mbona bubu?" Yamenikuta, tena mbele ya watu.

La pini 24 hupeleka data Gbps 10 (gigabiti 10 kwa sekunde) na zaidi, hata picha kwenye skrini, mradi saketi nayo iwe na uwezo. Lakini miguu imebanana. Bila mashine ya hewa moto utaunganisha miguu isiyotakiwa. Chumvi ya bahari yetu haibagui, matundu yote mawili husafishwa.

Taa ya mvuvi wa Deep Sea? Pini 6 inatosha kabisa. Bodi ya kuendesha skrini? Pini 24. Kuhamisha mafaili ya kawaida? Lipo la pini 16, Mbps 480 (megabiti 480 kwa sekunde), na mimi ndilo ninaloliweka dukani kwa wingi.