Fundi wa Langoni anayekupima pamoja na ala yako

Wanamuziki wenzangu wa Amu na Shela, na nyinyi mnaovuka kutoka Faza na Pate kuja kupiga harusini: mkitaka nguo za jukwaani zilizoshonwa na mtu anayejua kwamba mvaaji ana kazi ya kufanya kwa mikono, nendeni mtaa wa Langoni. Ingieni kichochoro kinachopanda kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Duka halina kibao, ila cherehani mtaisikia kabla ya kuuona mlango. Ndani kuna mzee fundi, na pembeni yake kijana mchoraji ambaye mchana hupaka mashua rangi pwani na jioni huja kuchora vitambaa. Ukuta wa nje wameuacha na chokaa yake, kama inavyopasa katika Mji wa Kale wa Lamu ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Rangi zote ziko ndani, na pazia la mlangoni peke yake linatosha kumsimamisha mpita njia.

Mimi napiga fidla katika kikundi cha taarabu. Kwa muda mrefu tumekuwa tukipanda jukwaani na kanzu nyeupe na makoti meusi, na nilitaka vizibao vyenye uhai. Picha nilizompelekea fundi zilikuwa za kazi za The Fool, wachoraji wa Kiholanzi Simon Posthuma, Marijke Koger na Josje Leeger, waliowavalisha wanamuziki wa roki mjini London miaka ya 1966 na 1967, wakati ambapo kila kitu kilitakiwa kiwake kama ndoto ya mtu mwenye homa. Nawapenda kwa sababu hawakuishia kwenye nguo. Kwa bendi ya Cream walitengeneza mavazi, wakalichora gitaa la Eric Clapton, Gibson SG, wakachora na besi ya Jack Bruce na ngoma za Ginger Baker, hata mtazamaji asijue nguo imeishia wapi na ala imeanzia wapi. John Lennon wa bendi ya Beatles walimchorea piano. George Harrison, mwenzake, walimchorea mahali pa kuotea moto nyumbani kwake. Walimtazama mwanamuziki pamoja na vyote vilivyomzunguka.

Fundi alizikuza zile picha kwa vidole viwili, akazitazama kimya, kisha akaniuliza:

"Mwanangu, fidla iko wapi?"

"Nyumbani, fundi."

"Kailete. Nikikupima mikono ikiwa chini nitakushonea nguo ya kusimama tu."

Basi nilipimwa nikiwa nimeibana fidla kidevuni, upinde juu, nikiuvuta kwenda na kurudi huku yeye akinizunguka na futi na chaki. Matokeo yake yapo kwenye nguo. Kwapa la kulia lina kikwapa, kipande cha kuongeza nafasi, kama cha kanzu, la kushoto halina, kwa sababu mkono wa kushoto hausafiri. Kizibao kimezungushiwa zari shingoni na kwenye pindo, lakini begani kwa kushoto, pale fidla inapokaa, zari imekatika na mahali pake pana utepe laini wa hariri, ili nyuzi za metali za zari zisikwaruze mbao ya fidla. Jambo hilo sikumwambia. Aliliona mwenyewe. Nimewahi kushonewa nguo na mafundi wa miji mikubwa zaidi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza napiga nini.

Sura yake je? Mawimbi ya mahameli ya zambarau yanaanzia kiunoni na kupanda kifuani, katikati yake vipande vya satini ya manjano na kijani vilivyoshonewa juu kwa mkono. Ukikisogeza machoni unaona mishono midogo iliyolala sawasawa, hakuna uzi unaoning'inia. Ukikitazama kutoka mwisho wa uwanja, bado unayaona yale mawimbi. Hilo la pili ndilo gumu. Tarehe 25 Juni 1967, Beatles walipoimba moja kwa moja katika matangazo ya setilaiti yaliyoonekana nchi nyingi, walivaa nguo za The Fool, na matangazo yenyewe yalikuwa ya nyeusi na nyeupe. Rangi zote zile hazikuwafikia waliokuwa mbele ya televisheni. Mkato na michoro ndivyo vilivyobeba mzigo. Harusi zetu za usiku, chini ya taa moja kali na simu mia zinazorekodi, zina shida hiyohiyo, rangi huungua kwenye video. Vizibao vyetu havipotei. Nimeitazama video ya harusi ya mwisho na kila mmoja wetu anatambulikana kwa mchoro wake.

Kijana mchoraji naye anastahili sifa zake. Nilimwomba aichore fidla, akakataa. Alisema uso wa fidla ndio unaopumua sauti, ukiufunika kwa rangi unaiziba. Na kweli gitaa la Clapton ni kipande cha mbao kisicho na uwazi ndani, sauti yake inatoka kwenye umeme, kwa hiyo lilistahimili. Hata hivyo rangi yake ilibanduka, na mwanamuziki Todd Rundgren, aliyekuja kulimiliki baadaye, ilibidi alitengenezeshe. Kijana wetu badala yake alichora sanduku la fidla: jua lenye macho mawili, macho yaleyale anayoyachora kwenye omo za mashua, limezungukwa na samaki wa rangi ya chungwa. Juu akapaka vanishi ya mashua, tabaka baada ya tabaka, akisubiri ikauke. Sanduku hilo limenyeshewa, limepanda boti, limefungwa juu ya punda, na halijachubuka.

Sasa lawama. Bitana nyekundu waliyoitia kwanza ilichuja. Joto letu na jasho vilitosha, na kanzu yangu nyeupe ikatoka na doa la waridi mgongoni ambalo halijatoka mpaka leo. Fundi aliitoa ile bitana akatia bafta nyeupe, kitambaa chepesi cha pamba, bila kunidai, lakini kanzu hakuilipa, na nadhani alipaswa. Kitambaa chenye rangi kali kiloweshwe na kusuuzwa kabla ya kukatwa. Fundi wa umri wake analijua hilo. Mkienda, daini bafta tangu mwanzo. Pia siku ya ahadi ilipita, na hakuna aliyenipigia simu.

Wengine mtakasirika kwamba hakuna kitu kilichoning'inizwa tayari. Mimi namuunga mkono fundi kwa nguvu zote. Mnamo Desemba 1967 Beatles walifungua duka la nguo za The Fool, Apple, nambari 94 Baker Street, London, wakaanza na pauni 100,000. Ukuta wote wa nje ulichorwa jini mkubwa mwenye rangi zote, majirani wenye maduka wakalalamika, ukapakwa rangi nyeupe. Nguo zikaibwa ovyo, hesabu zikaharibika, na mwishoni mwa Julai 1968 bidhaa zilizobaki ziligawiwa watu bure, duka likafungwa. Mikono ileile iliyoshona kwa ajili ya Clapton! Walipomshonea mtu mmoja wanayemjua, walikuwa mafundi wakubwa. Walipowashonea watu wasiowajua, kazi iliwashinda. Fundi wetu ameshaombwa ajaze duka vizibao vya kuuzia wageni, akakataa.

Bei: nililipa shilingi 4,500 kwa kizibao, mahameli nikiwa nimeinunua mwenyewe Mombasa, na 2,000 kwa sanduku. Arbuni ni nusu. Si rahisi, lakini nimeona watu wakilipa zaidi kwa koti la dukani linalowabana mabegani. Baada ya Idi harusi zinafuatana na foleni inakuwa ndefu, kwa hiyo pelekeni kitambaa mapema. Wapiga ngoma wetu wameshatoa arbuni yao, na kijana tayari ameanza kuchora mbao za marwasi. Ngozi amesema hataigusa.