Chombo cha Kuvulia kwa Aliyestaafu Lamu: Kipi Kwanza, Kipi Uache

Ukistaafu na miaka 60, kiinua mgongo kikaingia benki, wa kukuuzia chombo hawakosekani Lamu. Karibu wote watakusifia urefu wake na ukubwa wa mashine. Mimi naomba uanze na swali jingine: ni nani atakayekwenda nawe? Chombo ambacho wewe na kijana mmoja hamwezi kukipeleka na kukirudisha wenyewe kinataka nahodha na mabaharia, na hapo umeshaingia biashara ya watu. Kwa kipimo hicho ndivyo ninavyovipanga.

1. Mashua ndogo ya mbao, futi 16 hadi 20

Hii ndiyo ningemshauri ndugu yangu anunue. Tezi yake, yaani sehemu ya nyuma, imekatwa wima, kwa hiyo inapokea mashine ndogo bila shida, na mashine ikizima tanga lipo la kukurudisha. Inatosha kwa mshipi na kwa kurambaza nguru, yaani kuwavua kwa mshipi unaoburutwa nyuma ya chombo, upepo wa kaskazi unapotulia. Tena fundi hatafutwi mbali: Matondoni bado wanaunda na kutengeneza vyombo, na kazi ya ubao mmoja mbovu ni ya kawaida kwao.

Sababu yangu kubwa zaidi ni kwamba mbao haifichi maradhi yake, mradi uiangalie pale panapostahili. Mwambie mwenye chombo akipweleze, yaani akikalishe pwani, wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, yatoke yote, uone chini. Anza na ubao uliokaa jirani na mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo. Kandamiza ncha ya kisu taratibu: mbao nzima hukataa, iliyooza hupokea kisu hadi kwenye mpini. Kisha gonga kwa kipande cha mti kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi ukisikiliza. Wadudu wanaotoboa mbao baharini huingia kwa kitundu kidogo ambacho jicho laweza kukipita, lakini ndani huacha mapango, na sauti hubadilika hapo hapo.

Tazama misumari. Doa la kutu linaloshuka kutoka kwenye kichwa cha msumari lina maana maji yameshaufikia, na taruma, yaani ubavu wa chombo ulio nyuma yake, huenda limechoka. Tazama kalafati pia, ile pamba inayozibia nafasi kati ya mbao. Ikiwa ya zamani kila mahali, hiyo ni kazi ya siku chache kwa fundi. Ikiwa pamba ni mpya mahali pamoja tu na kwingine ni ya zamani, uliza kilichotokea hapo, na usiridhike na jibu la kwanza.

Jambo moja lisikutishe: chombo kilichokaa nchi kavu msimu mzima wa kusi kitavuja siku za mwanzo, kwa sababu mbao zimekauka. Zikivimba, uvujaji hupungua. Usipopungua, una jibu lako.

2. Boti ya faiba

Ni nyepesi, inakimbia, haitaki kalafati, na wengi wangeiweka ya kwanza. Ningeipa nafasi hiyo kama ingekuwa mpya. Iliyotumika inaweza kufichwa ubovu wake kwa rangi ya wiki iliyopita. Hatari kubwa iko tezini, mahali mashine inapofungwa: mara nyingi ndani yake mna ubao uliofunikwa kwa faiba, na maji yakipenya kwenye matundu ya skrubu ubao huo huoza bila kuonekana. Ishike mashine kwa chini, uinyanyue na kuishusha kwa nguvu. Tezi ikicheza, iache. Piga piga pia kwa sarafu mahali pote palipopakwa rangi mpya, kwa sababu sauti nzito iliyokufa ni ishara ya tabaka zilizoachana.

3. Mtumbwi au kihori

Bei ni rahisi na hautaki mashine. Kama nia yako ni kuvua karibu, kwenye vijito vya mikoko, unatosha kabisa. Usitoke nao mlango wa Shela wakati wa kusi.

4. Mashua kubwa na jahazi

Uache. Najua inavyovutia kuona tanga kubwa likijaa upepo, lakini utakuwa unalipia mafuta, barafu na matengenezo kabla ya kugawana na mabaharia. Pensheni haistahimili hilo.

Kuhusu mashine: kwa chombo kidogo, mara nyingi inagharimu sawa na chombo chenyewe au kuzidi, basi ikague kana kwamba unainunua peke yake. Yamaha ya hospawa 15 imeenea pwani na vipuri vyake havisumbui. Iwashwe mbele yako ikiwa baridi. Ukiikuta ya moto, rudi kesho. Maji ya kupoza yatoke kwa nguvu bila kukatika. Fungua mafuta ya gea kidogo: yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Nambari ya mashine ilingane na ile ya risiti, maana mashine za wizi zinazunguka.

Karatasi zisikuchoshe. Nenda BMU, yaani chama cha wavuvi kinachosimamia bandari ambako chombo kinatua, uone kama kimesajiliwa na kwa jina la nani, na mauzo yaandikwe hapo mbele ya mashahidi. Mwenye chombo akiwa amefariki, kutana na warithi wote. Sahihi ya kaka mkubwa pekee haitoshi, na dada zake wana haki yao humo. Ukipewa na nyavu, zikague. Juya, wavu mkubwa unaokokotwa hadi pwani, limepigwa marufuku tangu 2001, na hutaki kuanza kustaafu kwako ukiwa na kesi. Jaketi za kuokolea nunua mpya.

Wakati mzuri wa kutafuta ni katikati ya kusi, Juni hadi Agosti. Bahari imechafuka, vyombo vingi viko juu, na muuzaji anasikiliza bei. Toa nusu ya pesa mkikubaliana, chombo kishushwe majini na kifungwe gatini usiku tatu. Kila asubuhi nenda na kata yako ya kutekea maji, ufue mwenyewe maji ya ngama, yaani yaliyojikusanya chini ndani ya chombo, uone kama yanapungua. Yasipopungua, nusu ya pili inabaki mfukoni hadi fundi amalize kazi.