Siku nne ndani ya gari la kulala: kutoka Kampala hadi Mburo na Igongo

Jumatatu jioni nilirudisha ufunguo wa gari la kulala tulilokodi mimi na swahiba wangu, na tangu hapo simu yangu haijapumzika. Walimu wenzangu, majirani, hata shemeji yangu aliyeko Mbale, wote wanauliza swali moja: inafaa? Nimeona heri niandike mara moja kuliko kumjibu kila mtu peke yake. Ukishatoka Kampala, inafaa sana. Ndani ya Kampala ni mzigo mtupu.

Gari lenyewe ni Toyota Hiace ya paa refu, ile ile tunayoipanda kila siku kama taksi. Viti vya nyuma vimeng'olewa, na mahali pake pamewekwa kitanda cha watu wawili, kabati la vyombo, jiko la gesi la pleti mbili, friji ndogo, na tangi la maji lenye pampu ya umeme. Juu ya paa kuna sola inayochaji betri ya pili, tofauti na ile ya kuwashia gari. Tulilipa shilingi 350,000 kwa siku, mafuta juu yetu, na amana ya 500,000 ambayo tulirudishiwa yote. Jina la kampuni siliweki hapa. Ninachotaka kupima ni namna hii ya kusafiri.

Dereva alikuwa swahiba wangu. Yeye ni muuguzi, kwa hiyo kila mtu humwita Sista, nami pia. Alikulia kambi ya jeshi Jinja, na Kiswahili chake ni kile cha kambini, kifupi na chenye nguvu. Mimi nimezaliwa Tororo na nafundisha Kiswahili sekondari. Yeye huniita Mwalimu hata tukiwa sokoni.

Ijumaa asubuhi tulianzia Makumbusho ya Uganda, Kira Road, na hapo ndipo nilipojifunza la kwanza. Kutoka Wandegeya hadi pale tulikaa kwenye foleni hadi mguu wa Sista ukafa ganzi, bodaboda wakipita kulia na kushoto, na gari refu namna ile haligeuki unapotaka ligeuke. Njiani tulitaka kununua dawa ya mbu kwenye duka kubwa, tukakataliwa kuingia maegesho ya chini kwa sababu ya urefu wa paa. Makumbusho yana uwanja wake, na tulipofika tu tulipata nafasi. Kama nia yako ni kuona vitu vya Kampala pekee, yaani makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi, msikiti wa Old Kampala na hekalu la Wabahai Kikaya, panda bodaboda au taksi na uhifadhi pesa yako.

Lakini makumbusho yenyewe! Nilikwenda mara ya mwisho nikiwa mwanafunzi, tukapitishwa mbio mbio na kurudishwa kwenye basi. Safari hii tulikaa karibu saa tatu. Yalianza mwaka 1908 kule Old Kampala, kwenye ngome ya Lugard, afisa wa Kiingereza, na watu wa zamani waliyaita Nyumba ya Mayembe, kwa sababu ya vitu vya mizimu vilivyokusanywa humo. Jengo la sasa lilichorwa na Mjerumani Ernst May na kufunguliwa 1954. Madirisha yake yako juu, mwanga unashuka taratibu, na ndani kuna baridi hata jua likiwa kali.

Mimi niligandia kwenye chumba cha ala za muziki. Kuna endingidi (zeze la waya mmoja), adungu ya Waalur iliyopinda kama upinde, ngoma ndefu ya engalabi yenye ngozi ya kenge, na amadinda ya mbao kumi na mbili ambayo huchezwa na watu wakikaa pande mbili, mmoja akijaza nafasi anazoacha mwenzake. Mzee mmoja wa pale alituona tumesimama muda mrefu, akachukua endingidi akatupigia. Waya mmoja tu, na sauti ilikuwa kama ya mtu anayezungumza. Sista, ambaye nilidhani atachoka mapema, alimwomba arudie.

Kuna jambo lilinigusa zaidi hapo. Mabaki ya Kibuuka, mungu wa vita wa Waganda, yaani watu wa Buganda, yalichukuliwa zama za ukoloni na mishonari John Roscoe, yakapelekwa Cambridge, na yakarudi nchini 1962, mwaka wa uhuru. Ilichukua miaka mingi mingine hadi 2024, ndipo Cambridge ikaleta vitu 39 zaidi, navyo si vya kubaki daima bali kwa mkopo. Kichwa cha Luzira, kile cha udongo kilichofukuliwa 1929 pale kwenye gereza la Luzira, bado kiko London. Ninawafundisha watoto methali ya mwacha mila ni mtumwa, na sijui niwaambie nini kuhusu aliyechukuliwa mila zake. Nendeni mkavione vilivyopo. Siku hiyo tuliwakuta wageni watatu na darasa moja la shule ya msingi, basi.

Tulitoka mjini saa sita na ushei kwa barabara ya Masaka, na baada ya Mpigi gari likaanza kulipa deni lake. Pale Mpambire, mafundi ngoma wamejipanga kando ya barabara, ngozi za ng'ombe zimewambwa juani. Tulisimama tukanunua ngoma ndogo, tukaiweka juu ya kitanda, tukaendelea. Kwenye basi ungeipitia kwa dirisha. Na Mawokota, nyumbani kwa Kibuuka, ndiyo eneo hilo hilo tulilokuwa tunapita. Nilikuwa nimemwona asubuhi kwenye kabati la kioo na mchana niko kwenye ardhi yake.

Kayabwe, kwenye mstari wa ikweta, tulikaa dakika kumi na tano. Kijana anakuonyesha maji yanayozunguka upande huu kaskazini na upande ule kusini. Picha ni nzuri, lakini nawaambia wazazi ukweli: nguvu ya dunia kuzunguka huendesha vimbunga na mikondo mikubwa, haiwezi kugeuza maji ya beseni kwa hatua chache. Yanageuka kwa namna anavyoyamimina. Mwelezeni mtoto hivyo, kisha mpige picha.

Tukavuka kinamasi cha Lwera na daraja la mto Katonga, lile lililobebwa na mafuriko Mei 2023 likaikata barabara ya magharibi. Lukaya tulinunua kuku wa kuchoma na gonja, zile ndizi tamu za kuchoma, tukala mlango wa pembeni ukiwa wazi, chai ya tangawizi ikichemka nyuma yetu. Hilo ndilo jambo nililolipenda kuliko yote katika gari hili: unasimama ukiwa na njaa, na unapika ukiwa umesimama.

Lango la Sanga, Hifadhi ya Ziwa Mburo, tuliingia jua limekaribia kuzama. Barabara ya ndani ni ya murram, na Hiace iko chini. Sista alienda polepole sana, na ingekuwa imenyesha siku hiyo nisingemshauri aingie. Kambi iko kando ya ziwa. Tuliegesha, tukapika wali, tukakaa nje tukisikia viboko wakikoroma majini.

Saa tatu usiku umeme ukakatika. Taa zilizima, friji ikanyamaza, na pampu ikagoma, kwa hiyo tangi limejaa na hakuna tone. Nilipiga simu kwa kampuni mara nne. Walipokea asubuhi, na yule dada aliyepokea akasema betri hiyo huwa inawasumbua. Inawasumbua! Basi kwa nini mliipangisha? Wanawake wawili porini, viboko wakila majani hatua chache kutoka mlangoni, hatuna taa wala maji ya bomba. Ilituokoa tochi ya Sista na jerikeni ya lita kumi tuliyonunua Lukaya kwa bahati. Nawaomba wote mnaokodi: kabla hamjatoka uani kwao, zimeni injini, washeni kila kitu, na mkae nusu saa mkiangalia. Sisi tuliwasha injini ndipo tukajaribu taa, na injini ikaficha ugonjwa.

Lakini asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, nilifungua pazia na kuwaona swala pala kama arobaini wamesimama kwenye ukungu, mita ishirini kutoka kwenye mto wangu wa kulalia. Sikupumua. Jina Kampala limetokana na mnyama huyu. Waganda waliuita mlima ule kasozi k'empala, mlima wa mapala. Mlimani hawapo tena, sasa ukitaka kuwaona Uganda, mahali panapojulikana zaidi ni huku Mburo. Nilimwamsha Sista, tukatazama pamoja bila kusema neno hadi pundamilia walipokuja kuwasukuma. Baadaye tuliona twiga pia, wa ukoo wa wale kumi na tano walioletwa kutoka Murchison mwaka 2015. Kulala hotelini mjini kungetufikisha hapo saa tatu, jua limeshakuwa kali na wanyama wamejificha.

Jumamosi tulikwenda Igongo, kilomita kama kumi na mbili kabla ya Mbarara. Makumbusho yake yanaeleza maisha ya watu wa magharibi, na hapa ndipo ningewatuma kwanza wasomaji wangu, hata kabla ya Kampala. Kuna chumba cha maziwa ambacho sikutaka kukiacha. Ekyanzi, chombo cha mti cha maziwa, kina mfuniko wa kusuka mwembamba uliochongoka kama mnara, na kila chombo kilifukizwa kwa moshi wa nyasi kabla ya kutiwa maziwa. Sisi tunaofukiza nyumba na nguo kwa udi tunaelewa mara moja: moshi ule ni usafi na ni heshima kwa kitakachowekwa ndani. Dada aliyetutembeza alitueleza pia habari za Bagyendanwa, ngoma ya ufalme wa Nkore, na kwamba kwa lugha ya hapa engoma ni ngoma na ni ufalme pia. Nilifikiria ile ngoma yetu ndogo ya Mpambire iliyolala kitandani, nikaiona kwa jicho jingine.

Karibu na hapo ni Biharwe, penye mnara wa kukumbuka kupatwa kwa jua mwaka 1520. Inasimuliwa kwamba mfalme Olimi wa Bunyoro alikuwa akirudi na ng'ombe aliowateka, giza likaanguka mchana, jeshi lake likatimka na ng'ombe wakabaki. Watu wa Nkore wakasema wameanguka kutoka mbinguni. Wanahistoria wametumia giza lile kupangia miaka ya wafalme wa eneo hili lote, kwa sababu jua halidanganyi tarehe. Tulisimama pale saa saba mchana, jua utosini, tukijaribu kufikiria giza hilo.

Chakula cha mchana kilikuwa eshabwe na matoke, palepale Igongo. Eshabwe ni mchuzi mweupe wa samli, baridi, wenye chumvi. Sista hakumaliza. Mimi niliongeza.

Usiku huo tulilala uani kwa nyumba moja ya wageni nje ya Mbarara. Tulimwomba mwenye nyumba, tukalipa 20,000 kwa choo, bafu na mlinzi. Nashauri hivyo kwa akina dada wote: porini lala kwenye kambi ya hifadhi tu, na mjini lala mahali penye geti na askari. Msilale kituo cha mafuta. Fundi wa Mbarara aliipima betri akasema imekufa, inashika chaji tu gari likitembea. Tukaishi hivyo hadi mwisho, taa za tochi na maji ya jerikeni.

Jumapili tulirudi upande wa Masaka na kulala Nabugabo, ziwa dogo lililotengwa na Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, kwa ukanda wa mchanga. Hatukufanya chochote. Mvua ilinyesha jioni na paa halikuvuja, na hilo nalihesabu kwa upande wa kampuni. Godoro pia ni zuri, na shuka zilikuwa safi kabisa.

Kampuni imeturudishia siku moja ya kodi kwa ajili ya betri, baada ya Sista kuongea nao. Mwezi wa nane shule zikifungwa tunataka kwenda mashariki, Nyero karibu na Kumi, kuona michoro ile ya duara nyekundu juu ya mawe, na njiani nimpitie shemeji Mbale. Tumewaambia gari ni lile lile, na betri mpya iwekwe kabla hatujalipa amana. Wamekubali, lakini safari hii tutakaa uani kwao nusu saa injini ikiwa imezimwa, pampu na taa zikiwaka.