Uzoefu wangu: kufundisha kwa nyaraka za Balozi Salim Ahmed Salim

Nafundisha historia sekondari hapa Tanga. Kila tunapofika kwenye mada ya siasa ya nje ya Tanzania, darasa linapoa. Vitabu vinasema tuliunga mkono ukombozi Kusini mwa Afrika na tulikuwa nchi isiyofungamana na upande wowote, basi, sura imekwisha. Nani alisimama, alizungumza wapi, alipingwa na nani, hakuna. Kwa hiyo niliposikia kwamba nyaraka za Dk. Salim Ahmed Salim zimewekwa mtandaoni nilizifuata haraka, na sasa nimezitumia vya kutosha kuwaeleza walimu wenzangu nilichokikuta.

Kwa kijana ambaye jina hili amelisikia juu juu: Salim aliteuliwa kuwa balozi Misri mwaka 1964, akiwa na miaka 22. Akapelekwa India, akaenda China, na kuanzia 1970 hadi 1980 akawa mwakilishi wetu wa kudumu Umoja wa Mataifa, New York. Baadaye alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Waziri Mkuu mwaka 1984 na 1985, na Katibu Mkuu wa OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, toka 1989 mpaka 2001. Ni maisha yote ya kazi ndani ya diplomasia, na kumbukumbu zake, hotuba, picha na maandishi, sasa anaweza kuzifungua mwanafunzi wa Makorora, mtaa wa hapa Tanga, bila kumwomba mtu barua ya utambulisho.

Tuanze na matumizi yenyewe. Kwa simu inawezekana, ila sipendekezi. Karatasi ya zamani ukiikuza kwenye kioo kidogo, ukifika mwisho wa mstari umeshasahau ulipoanzia. Mimi nabeba kompyuta mpakato nakwenda maktaba ya mkoa, nakaa mbali na dirisha, nasoma kwa utulivu. Bando liwe la kutosha, maana picha zinakula. Kwa kuwa nyaraka nyingi za Umoja wa Mataifa ziko kwa Kiingereza, mwalimu ajiandae kufasiri. Mimi huchagua aya chache tu, nazigeuza Kiswahili usiku, asubuhi naingia nazo darasani. Kuhusu kuchapa, nilipata hasara kwenye duka moja la steshenari mjini: kurasa zilitoka zimefifia upande mmoja, wino wa mashine umekaribia kuisha, na hela walichukua yote. Siku hizi naomba nione ukurasa wa kwanza kabla hawajaendelea.

Faida kubwa niliyopata ni mwaka 1971. Kisa kinachosimuliwa kila mahali ni kwamba China ilipopata kiti chake Umoja wa Mataifa, wajumbe wa Tanzania walicheza ukumbini kwa furaha. Wanafunzi wanakipenda, wanacheka, halafu hawana zaidi ya hapo. Nilitaka waone kazi iliyotangulia ile furaha. Kumbukumbu za kura za Umoja wa Mataifa nazo ziko wazi mtandaoni, kwa hiyo nazifungua sambamba na nyaraka za Salim, huku namtazama mtu, huku naangalia hesabu.

Tarehe 25 Oktoba 1971 zilipigwa kura mbili ambazo ndizo uti wa mgongo wa habari yote. Marekani, ambayo balozi wake wakati huo alikuwa George H. W. Bush, ilitaka suala la uwakilishi wa China lihesabiwe kuwa zito, ili liamuliwe kwa theluthi mbili. Ombi hilo lilianguka: 55 waliliunga mkono, 59 walilikataa, 15 wakajizuia. Kura nne tu. Wajumbe wa serikali ya Taipei, yaani Taiwan, iliyokuwa imekalia kiti cha China mpaka hapo, wakatoka ukumbini. Ndipo likapita azimio namba 2758, la kuipa serikali ya Beijing kiti hicho, ambalo Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizolidhamini, kwa kura 76 dhidi ya 35, na 17 wakijizuia.

Niliandika namba hizo ubaoni bila maelezo, nikawaachia. Binti mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi, akajumlisha 76 na 35, kwa kuwa wanaojizuia hawahesabiwi, akapata 111, akatafuta theluthi mbili yake, ikatoka 74. Akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwa hiyo hata Marekani wangeshinda ile ya kwanza, China ingepita tu?" Nikamwambia afikirie: anayepiga kura ya pili ameshaona matokeo ya kura ya kwanza. Je, wote 76 wangebaki walipo? Kengele ililia wanabishana, na mabishano yakahamia nje kwenye mwembe. Kwa mada hii sijawahi kupata kitu kama hicho.

Picha nazo zina kazi yake. Jirani yangu Chumbageni, mzee aliyekuwa karani kwenye mkonge, nilimwonyesha za miaka ya New York. Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. "Mwanangu, mbona walikuwa watoto!" Na kweli, mwaka 1971 Salim hakuwa ametimiza miaka 30. Mwaka uliofuata akawa mwenyekiti wa Kamati Maalumu ya kuondoa ukoloni, kazi aliyoishika mpaka 1980, na Baraza Kuu likamchagua kuwa Rais wake mwaka 1979.

Nathamini pia kwamba karatasi hizi zimetoka kwenye makabati. Sisi wa pwani tunajua joto na unyevu vinavyofanya karatasi: ukungu unaanza pembeni, pini zinashika kutu, mchwa wanamalizia. Mafaili ya wizara yana watunzaji wake. Lakini daftari la balozi, rasimu ya hotuba yenye mikato ya kalamu, barua aliyoandikiwa na mwenzake, mara nyingi hubaki nyumbani, na mwenye nyumba akifariki watoto hawajui ni mali gani. Natamani familia za mabalozi wetu wengine zifanye kama hivi wenyewe wangali hai, wakaweza kusema huyu kwenye picha ni nani.

Kama unaanza, usipite kila kitu kwa mpangilio, utachoka. Mimi ningekutuma moja kwa moja mwaka 1981, Salim alipogombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Kurt Waldheim. Raundi ya kwanza alipata kura 11 na Waldheim 10, lakini Marekani ilimwekea Salim kura ya turufu (veto) na China ikamwekea Waldheim. Wakarudia hadi raundi 16, hakuna aliyepita. Desemba, Olara Otunnu wa Uganda akiwa Rais wa Baraza la Usalama, aliwaomba wote wawili wakae pembeni, na nafasi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Gawa darasa makundi matano, kila moja liwe mwanachama mmoja wa kudumu wa Baraza la Usalama, na likuambie kwa nini linapiga kura linavyopiga. Vipindi viwili mfululizo vinahitajika, kimoja hakitoshi.