Filta ya sponji kwenye tenki la vifaranga wa samaki: hela yake inaonekana

Wadau wa samaki wa mapambo huku Nyanda za Juu Kusini, leo naongelea hii filta ya sponji ya kutumia hewa, ile nyeusi yenye bomba katikati, maana watu wakija nyumbani wakiona tenki la vifaranga halina harufu wanauliza naweka dawa gani. Hakuna dawa. Nimenunua Mwanjelwa hapa Mbeya elfu 15, pampu ya hewa na kampira kake unanunua pembeni.

Kaka wa dukani alikuwa ananisukumia ile mashine ya kuning'iniza kwenye ukingo wa kioo, "dada hii ndo kiboko, inavuta balaa". Kweli inavuta, na shida ndo hiyohiyo, kifaranga wa gapi (vile visamaki vidogo vya mapambo vinavyozaa watoto hai) anazaliwa na milimita 6 mpaka 8 tu, akipita karibu na mdomo wa ile kitu ndo basi tena. Kama unayo tayari usiitupe, vesha sponji pale inapovutia maji utaokoa wengi, ila kwa tenki la watoto tupu mi siipendekezi.

Hii ya sponji haina makeke. Hewa inapanda kwenye bomba, inavuta maji taratiiibu kupitia sponji, uchafu unanasa, na humohumo ndani wanaota bakteria wanaogeuza amonia inayotoka kwenye mavi na mabaki ya chakula kuwa kitu kisicho na sumu kali. Amonia bwana ndo muuaji, maji unaweza kuyaona meupe kabisa na watoto wanakufa. Halafu sponji ikishazoea inaota utelezi na vijidudu juu yake, vifaranga wanashinda hapo wanadonoa, yaani filta na chakula kwa bei moja.

Kuisafisha ndo wengi wanaharibu. Usiipeleke bombani, klorini, ile dawa wanayotia kwenye maji ya bomba, inaweza kuua wale bakteria na tenki likarudi sifuri, sabuni ndo usiiwaze kabisa. Zima pampu, ingiza kibakuli ndani ya maji, ikalishe sponji ndani ya kibakuli ndo uinue vyote pamoja, ukiibeba mikono mitupu tope lote linamwagikia watoto. Chungulia chini yake kwanza, wanapenda kujificha pale. Kisha ikamue mara mbili tatu kwenye ndoo yenye maji uliyochota humohumo kwenye tenki, rudisha. Ikibaki na rangi ya chai usihangaike kuitakatisha, inatakiwa iwe hivyo.

Sasa uchafu wa chini, hasa kama unalisha kiini cha yai kama mimi (kikizidi kidogo tu kinaoza na maji yanachafuka hapohapo). Dukani wanauza mpira mnene wenye kibofu cha kubana, wa kunyonya uchafu kwenye changarawe, huo kwa samaki wakubwa sawa, kwa watoto acha kabisa. Nenda duka la dawa nunua seti ya dripu, ndiyo hiyohiyo ya hospitali, kata sehemu ya juu na ile ya sindano, vyote tupa vizuri, funga kampira kwenye kijiti ili kasipinde, pitisha chini polepole na maji yaishie kwenye ndoo NYEUPE. Kwenye nyeupe mtoto akivutwa unamwona, tena macho ndo yanaanza kuonekana, vidoti viwili vyeusi vinakimbia. Mchote na kikombe, sio wavu, wavu unawaumiza. Ni kazi ya polepole mno, vuta kigoda kabisa.

Na zuri la seti ya dripu ni kale kagurudumu ka kupunguza na kuongeza, maana unakatumia pia kurudisha maji mapya tone kwa tone badala ya kumimina. Hapa Mbeya hii ni muhimu sana jamani, tenki langu liko nyuzi 25 au 26, mwezi wa saba ukilaza maji kwenye ndoo yanaamka ya baridi kuliko yalivyolala. Mi naacha ndoo wazi siku nzima klorini itoke, halafu naongeza maji ya moto ya chupa ya chai huku napima na kipimajoto, mkono unadanganya. Toa asilimia 10 mpaka 20 mara kwa mara, achana na habari ya kumwaga nusu tenki jumapili. Wenye mbuna wa Ziwa Nyasa mna nafuu kiasi, mama anakaa na mayai mdomoni kama wiki 3, watoto wakitoka wana karibu sentimita 1 na mbio wanazo, lakini baridi hawaipendi vilevile.

Mabaya yake: pampu inanguruma usiku, iweke juu ya kitambaa. Na pampu ikikaa chini kuliko usawa wa maji, umeme ukikatika maji yanarudi kwenye kampira yanaingia ndani ya pampu, kwa hiyo ipandishe juu ya tenki au nunua kale kavalvu ka kuzuia maji yasirudi. Nyota 4 kwa 5. Hiyo moja nimeikata kwa sababu ya ile mipira ya kubandika kwenye kioo, haishiki, sponji inang'oka inaelea. Ukikuta ile yenye kitako kizito chukua hiyo hata kama wameongeza buku mbili.