Datsun 240Z iliyokuwa ikitangatanga barabarani: uzoefu wangu na fundi mmoja wa Shimanzi, Mombasa

Nianze na bei, maana ndiyo huulizwa kwanza. Kuliangalia gari tu, kabla hajafungua hata nati moja, fundi huyu alinitoza shilingi 1,500. Kubadilisha raba za reki (fimbo yenye meno inayogeuza tairi) na kapilingi ya stelingi, ufundi peke yake, shilingi 6,000. Spea nilinunua mwenyewe. Gereji niliyoanzia, ambayo sitaitaja, haikunitoza hata senti moja ya kuangalia. Ilinitajia tu spea za kununua, na pesa zangu zikaishia huko.

Gari ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, injini ya silinda sita, stelingi isiyo na pawa. Watu wa makamo wanalijua: ndilo lililochukua mbio za magari za East African Safari mwaka 1971 na Edgar Herrmann, kisha 1973 na Shekhar Mehta, aliyemaliza sawa kwa pointi na Datsun nyingine hadi ikabidi wachambuliwe kwa kanuni ndipo mshindi apatikane. Langu halijashinda kitu. Limekaa pwani miaka mingi na chumvi ya bahari imelila kila ilipopata nafasi.

Ugonjwa wake ulikuwa hivi. Kutoka Changamwe kwenda Miritini, pale malori ya bandarini yalipochimba mifereji kwenye lami, gari lilifuata mifereji, halikunifuata mimi. Kwenye daraja la Nyali upepo wa kusi ukilipiga ubavuni, nageuza usukani kidogo, kimya. Naongeza, linaitika kwa ghafla na kupitiliza. Nikabandika kipande cha selotepu juu ya usukani, nikashika rula mbele yake, nikauzungusha gari likiwa limesimama: kama sentimita 3 zilipita kabla tairi kujongea. Ukaguzi wa magari wa Uingereza huruhusu milimita 13 hivi kwa stelingi ya reki yenye usukani wa kipenyo cha milimita 380, na wangu hauko mbali na ukubwa huo. Kwa hiyo haikuwa dhana yangu.

Lakini nilitendee haki gari lenyewe. 240Z ina wepesi wake wa mbele hata ikiwa mpya. Ukikimbia sana hewa inaingia chini ya pua na kuinyanyua, ndiyo maana wengi huifunga kizuizi cha hewa chini ya bampa. Wepesi huo unauhisi kwenye mwendo tu. Plei, yaani kule kucheza kwa usukani, unaihisi hata gari likiwa limeegeshwa nyumbani, na hapo ndipo pa kutofautisha.

Gereji ya kwanza ilisema ni tairodi, zile fimbo zinazounganisha reki na tairi. Tukabadilisha zote mbili za nje, tukafanya alaimenti. Usukani ukapungua kucheza kidogo sana, maana zile za zamani kweli zilikuwa zimeanza kuchoka. Nikarudi, wakafanya alaimenti tena. Niliporudi mara nyingine nikaambiwa basi itakuwa reki nzima, na kwamba wangeweza kunitafutia iliyotumika. Bei waliyotaja ingetosha kunipeleka umra. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulala chini ya gari mwenzake akitikisa usukani. Alaimenti hupanga uelekeo wa tairi, haiponyi kitu kilicholegea. Ukipima gari lenye plei, kesho vipimo vimeshahama.

Huyu wa Shimanzi nilielekezwa na jirani mwenye gari la matatu. Ni uwanja nyuma ya maghala, hakuna kibao, hakuna ofisi. Mwenyewe ni mtu mzima, kila mtu humwita Ami. Nilipomaliza kumweleza akauliza swali moja.

"Umeshanunua nini?"

"Tairodi, Ami."

"Basi usinunue kitu tena. Kwanza tukione kinachocheza."

Nilidhani ataanza kwa jeki. Hapana. Alitaka gari lisimame kwa uzito wake wote juu ya tairi, kwa sababu ukilinyanyua, mzigo unaondoka kwenye viungo na vingine vinajificha. Kijana wake akakaa kwenye kiti cha dereva. "Usizungushe, tikisa tu, kushoto kulia, kidogo kidogo." Ami akalala juu ya katoni na tochi mdomoni, akaanza pale mhimili wa usukani unapoteremka kwenye chumba cha injini. Kila kiungo alikiwekea kidole kwa kukikingama, nusu huku nusu kule. Kama pande mbili zinakwenda pamoja, anapita. Kama upande mmoja unatangulia, anakaa hapo.

Akaniita nami nikalala. Kitu cha kwanza alichonionyesha ni kapilingi ya raba, kile kisahani kinachounganisha mhimili na pinioni, gia ndogo inayoisukuma reki. Kilikuwa kimepasuka kuzunguka tundu za boliti: mhimili ulianza kugeuka, raba ikajinyonga, ndipo pinioni ikafuata. Cha pili ndicho kilichonifumbua macho. Bomba zima la reki lilikuwa linateleza ndani ya klampu zake, kushoto na kulia, kabla ya fimbo za tairi kuhisi chochote. Reki kwenye gari hili imefungwa juu ya krosmemba, ule mwamba wa chuma unaokingama chini ya injini, kwa raba mbili, na raba zangu zilikuwa zimevimba na kulainika kama halua iliyosahauliwa juani. Ukizibonyeza kwa bisibisi inazama.

Sababu ilikuwa juu yake tu: sili ya mbele ya krenki, ile raba inayozuia mafuta ya injini yasitoke, inavuja, mafuta yanadondoka polepole, na raba ya kawaida haivumilii mafuta ya injini.

Baada ya hapo ndipo jeki ikaja. Tairi ukilishika kushoto na kulia ukalitikisa, unapima tairodi na reki. Ukilishika juu na chini, unapima beringi na boljointi, kiungo cha duara kinachoshika tairi na mkono wake. La kulia lilicheza kidogo juu na chini. Akamwambia kijana akanyage breki, akalitikisa tena, plei ikapotea. Hiyo ni beringi, kwa sababu breki inaifunga habu isicheze. Ingekuwa boljointi ingeendelea kulialia. Beringi za mbele za gari hili hukazwa kwa nati, basi akaikaza hadi plei ikaisha, tairi likabaki linazunguka kwa urahisi, akaweka kotapini mpya. Hilo hakulitoza.

Nilimuuliza kwa nini asikaze tu ile skrubu ya chini ya reki, inayoisukuma ibane kwenye pinioni, maana niliwahi kusikia watu wakilisema. Akatikisa kichwa. Meno ya reki huliwa zaidi katikati, ndipo dereva anaposhinda siku zote. Ukikaza hadi pale katikati pakae sawa, kwenye kona kali ambako meno bado ni mazima stelingi itabana, nawe ukiachia usukani haurudi wenyewe. Hiyo skrubu ni ya mwisho kabisa, tena kwa nukta ndogo, na ukimaliza lazima uzungushe hadi mwisho pande zote mbili.

Raba niliagiza Marekani, za poliuretani, ambayo huvumilia mafuta kuliko raba ya kawaida, pamoja na kapilingi. Zilipofika hakukubali kuzifunga kabla sili ya krenki haijabadilishwa. "Niweke kitu kipya chini ya bomba linalovuja?" Hiyo ikawa shilingi 3,000 juu yake, na sikuona cha kubishana.

Boliti za klampu zilikuwa zimeshikwa na kutu vibaya. Alizipaka mafuta ya kupenya jioni akaziacha zilale nayo. Asubuhi hakuzivunja kwa nguvu: robo zamu kufungua, robo kurudisha, mafuta tena, hadi zikatoka zote nzima. Kabla ya kulegeza chochote alipiga alama za rangi nyeupe mahali reki ilipokaa, ili irudi katikati palepale. Poliuretani aliipaka grisi ya silikoni ndani na nje, maana ikikaa kavu hulia kila unapokata kona.

Matokeo: rula yangu sasa inasoma chini ya sentimita 1. Kwenye daraja la Nyali gari linakwenda ninakolielekeza, na malori ya Miritini hayanitishi tena. Lakini si kila kitu ni raha. Raba ngumu haimezi mshtuko, kwa hiyo kila kokoto la barabara sasa nalihisi viganjani, na kwenye njia ya matumbawe kuelekea kwa shemeji yangu kule Kikambala mikono inakufa ganzi. Mwenye kuendesha kila siku kwenye barabara mbovu, nadhani angefanya vizuri kutafuta raba za kawaida, mradi tu uvujaji umezibwa.

Nampa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu hizi: hatoi risiti, simu haishiki, na uwanja hauna paa, kwa hiyo mvua ya masika ikianza kazi inasimama na gari lako linakaa hapo boneti wazi limefunikwa turubai. Matatu na tuktuk pia hupewa zamu mbele yako. Nilinung'unika, ingawa naelewa, gari langu halilishi mtu. Alaimenti ya mwisho hana mashine yake, nilienda kwingine, na usukani ukabaki umepinda kidogo kulia hata gari likienda moja kwa moja. Akanirekebishia mwenyewe kwa kugeuza fimbo zote mbili za tairodi kwa kipimo kimoja, upande mmoja ndani, wa pili nje.

Zimebaki raba za zile fimbo zinazoushika mkono wa chini wa tairi usiende mbele na nyuma. Nikifunga breki kwa nguvu gari bado linavuta kushoto. Nilitaka kuziagiza pamoja na mzigo ujao, akaniambia nisubiri kwanza azitazame.