Wayameshi ya nusu inchi kwa uzio wa kuku, nimekaa nayo miezi kumi na moja

Jamani naandika hii kwa sababu kabla sijanunua nilitafuta mtu wa kunieleza nikakosa, kila ninayemuuliza ananambia weka wavu wa kuku inatosha. Haitoshi. Mimi niko Kigamboni, nyuma ya nyumba kuna viwanja vya watu hawajajenga bado ni pori tupu, na asubuhi moja niliamka nikakuta matetea tisa chini kati ya kumi na nne, hawajaliwa hata, wameng'atwa shingo wakaachwa pale pale. Ile harufu iliyokuwepo bandani ukiisikia mara moja huisahau, mzee jirani alivyofika tu akasema huyo kicheche mwanangu. Nililia kusema kweli, wale kuku nimewalea tangu vifaranga na walikuwa ndo wameanza kutaga.

Alipita kwenye wavu. Ule wa matundu ya pembe sita waya wake mwembamba, umesokotwa tu haujachomelewa, uzi mmoja ukikatika tundu linakuwa kubwa, halafu huku kwetu upepo wa bahari kutu haichelewi. Ule wavu kuku hatoki sawa, ila mnyama mwenye meno akiutaka anaingia.

Basi nikaenda mtaa wa Gerezani mjini Dar kutafuta wayameshi ya kuchomelewa, mraba wa nusu inchi, geji 18. Kwenye geji muwe makini sana, namba ikipanda waya ndo unazidi kuwa mwembamba, geji 22 ni kama milimita 0.7 na geji 18 ni kama 1.2. Duka la kwanza waliniambia hii ndo 18 mama, nikaishika inapinda kama uzi, nikaondoka zangu. Duka la pili nikapata yenyewe, rola la mita 30 upana futi 3, bei karibu mara tatu ya wavu wa kuku, na ni zito kweli, vijana wawili ndo walilipandisha kwenye guta mpaka feri tukavuka nalo na pantoni.

Rola moja limenitosha kila kitu. Uzio wangu ni futi 6 kwa 13, upande mmoja unaegemea ukuta wa nyumba kwa hiyo nimezungushia pande tatu, kimo futi 6 yaani vipande viwili juu na chini, pale vinapokutana nimepandisha kimoja juu ya kingine nikafunga na waya wa kufungia nondo kila baada ya kiganja. Juu pia nimefunika, kwa sababu kicheche anakuja usiku ila mchana kuna nguchiro, mwewe na hawa kunguru weusi, ambao waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 kutoka India na sasa wamejaa pwani yote. Mwanzo nilikuwa napoteza vifaranga kwa kunguru karibu kila wiki, tangu nifunike juu sijapoteza hata mmoja. Na paka hawezi kuingiza mkono kwenye nusu inchi, kwenye inchi moja anaingiza.

Sasa chini, hapa ndo nilibishana na fundi. Yeye alitaka kuchimba mtaro aifukie wayameshi wima, mimi nikamwambia hapana ilaze kwa nje, futi moja na nusu kutoka kwenye uzio, iunganishe na ile ya uzio halafu mwaga udongo juu na nyasi ziote. Mnyama anachimba pale pale miguuni pa uzio, harudi nyuma hatua mbili kuanzia mbali. Wiki ya pili nikakuta pamechimbwa, waya uko wazi, kucha zimekwaruza weee, kaishia hapo hapo.

Kasoro zipo. Yangu ilipakwa zinki kabla ya kuchomelewa kwa hiyo kwenye viungo nimeshaanza kuona vidoti vya kutu, na kila nilipokata pia, nimepaka rangi ya kuzuia kutu ila najua nitarudia. Kama unaishi karibu na bahari ulizia ile iliyochovywa zinki baada ya kuchomelewa, utaona kwenye kiungo zinki imefunika kote. Kukata nayo ni shughuli, vaa glavu, mimi mkono ulichanika nikachomwa sindano ya pepopunda. Misumari ya U peke yake usiitegemee, inang'oka ikivutwa, nimetumia skrubu na washa kwenye mbao za mbili kwa tatu zilizopakwa oili chafu kwa ajili ya mchwa. Siafu haiwazuii, na kijoka chembamba kinapita, hilo nalisema wazi.

Kwa pesa niliyotoa naipa tisa kati ya kumi, hiyo moja ni ya kutu.

Na mlango jamani msiwaachie mafundi. Wangu aliacha uwazi wa vidole vitatu chini ya mlango, kazi yote ile halafu chini wazi, nikamrudisha siku hiyo hiyo akaweka ubao na wayameshi juu yake, na komeo mbili, ya juu na ya chini, kwa sababu mlango wenye komeo moja katikati ukisukumwa kwenye kona ya chini unaachia.